Jiko Linalotazama Njia

Nyumba yenyewe haikuwa na neno. Muthama aliikagua asubuhi nzima, akitembea kati ya vigingi na kamba ambazo Irungu alikuwa amezifunga juu ya udongo mwekundu wa Ikutha, na kila alipofika alikuta mambo yamepangwa na mtu mwenye akili. Vyumba viwili vya kulala, vidogo, lakini kitanda kinageuka. Sebule ya kukaa wageni bila kugongana magoti. Stoo ya mbaazi na ndengu, sakafu yake itainuliwa ili panya wahangaike wenyewe. Juu litakaa paa la mabati linalolalia upande mmoja, ili hata ile mvua ya kunyunyiza tu ikimbilie kwenye tangi la saruji.

Muthama alijua nyumba. Alikuwa mpishi wa Wazungu huko Nairobi tangu akiwa kijana hadi bendera yao iliposhushwa, na alikuwa ameona majumba yenye vyumba ambavyo haingii mtu isipokuwa wa kupangusa vumbi. Hii ilikuwa nyumba ya kukaliwa. Aliipenda, na hakuona haya kusema.

"Hii ni kazi nzuri, bwana Irungu. Na hapa?"

"Hapo ni jiko, mzee. Na hapa ndio mlango wa jiko, wa nyuma."

"Huo toa."

Irungu alikuwa kijana wa Murang'a, mpole, viatu vyake vinang'aa hata katika vumbi lile. Aliletwa na mradi wa wafadhili waliotaka kila kata ijengwe nyumba chache za mfano. Mtu akijenga kuta kwa matofali yake mwenyewe kama plani inavyosema, mradi unampa mabati, mifereji ya maji na saruji ya tangi, bure. Irungu alidhani mzee anatania, akacheka.

"Sitanii. Jiko lilete huku mbele, kando ya sebule, litazame njia. Nyumba yangu haitakuwa na mlango wa nyuma."

"Lakini mzee, mama atapitisha kuni wapi?"

"Mbele."

"Na maji? Na majivu?"

"Mbele."

Irungu akafikiri kidogo, akapiga hatua mbili kando. "Basi tuweke mlango huku ubavuni."

"Ubavuni ni nyuma iliyosogezwa."

Kijana akavuta pumzi. Akaeleza kwa upole kwamba plani si yake. Nyumba zote za mradi ni sawasawa, na wakubwa wakija kuzitazama wanataka kuona ile waliyoichora. Mtu akigeuza, mabati yanapelekwa kwa mwingine.

"Basi yapelekwe," akasema Muthama.

Mkewe, Nthenya, alisikia yote. Ndiyo kwanza alikuwa anatoka mtoni, debe la maji limening'inia mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji lake la uso. Miaka ya ukanda huo ilikuwa imemchimbia mfuo juu ya nyusi, na mfuo huo hautoki hata siku ya Jumapili. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Unachimba, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kata, unapanda kilima. Lile tangi ndilo lililokuwa roho yake. Tangu Irungu alipolitaja kwa mara ya kwanza, Nthenya alikuwa akiliona hata usingizini.

"Baba Mutindi," alisema kijana alipokwisha ondoka, "huo mlango umekukosea nini?"

"Siutaki tu."

"Hutaki tu. Na huu mgongo ni wa nani?"

Nthenya alitua debe kwa kishindo mpaka maji yakamwagika, na hilo kwa mwanamke wa Ikutha si jambo dogo.

Watu wa soko lile wana midomo, na hawakuiweka akiba. Wanawake wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi kwa zamu, waliokuwa wakimfyatulia Nthenya matofali, walisema mpishi amezoea jiko hadi anataka kulivaa kama kofia. Mzee mmoja wa kanisa akamsimamisha Muthama mbele ya duka.

"Sasa tukija kwako tutakaribishwa na sufuria?"

"Si ndiyo huwaleta?" akajibu Muthama, akapita.

Akajenga. Alisimamisha kuta kwa mikono yake, plani ileile, vyumba vilevile, isipokuwa jiko alilileta mbele na ukuta wa nyuma akaufunga moja kwa moja kutoka pembe hadi pembe. Irungu alikuja akauzunguka ukuta ule kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya: akasema atawatetea kuhusu jiko.

"Nitasema mimi ndio nilikosea kupima. Lakini mlango wa nyuma lazima uwe. Hata tundu tu, mzee, fremu tutatia baadaye. Lori la mabati linakuja Ijumaa. Wakikuta huu ukuta hauna tundu, hawatashusha."

Muthama alimshukuru, na tundu hakutoboa.

Nthenya alipoona siku zinakwisha, alituma neno Kibwezi kwa kaka yake Ndolo. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na Muthama alimheshimu kuliko wanaume wote wa upande wa mke. Alifika Alhamisi, vumbi hadi magotini, akapewa chai chini ya kivuli cha zile kuta zisizo na paa. Nthenya hakungoja amalize kikombe.

"Kaka, mwambie huyu mtu. Mabati ya bure yanakuja kesho, tangi la bure, na yeye anayafukuza kwa sababu ya mlango."

"Mlango gani?"

"Wa nyuma. Anasema nyumba yake haitakuwa na mlango wa nyuma."

Ndolo akaweka kikombe chini. Akamtazama shemeji yake.

"Huo mimi sitamwambia ajenge," akasema.

"Hata wewe?"

"Mwulize yeye. Mimi alinifunga mdomo, na nimechoka kuufumba."

Muthama aliinamisha kichwa. Alipoanza kusema, hakusema na mkewe. Alisema na mikono yake.

"Ule mwaka mtoto wetu wa kwanza alikufa, kaka yako alitoka hapa akapanda treni Kibwezi kuniletea habari. Alifika mchana. Mimi nilikuwa ndani, kulikuwa na wageni wa chakula. Askari wa geti akampeleka mlango wa nyuma. Kaka yako akamwambia memsahib, yule mke wa bwana mkubwa, mtoto wa mpishi amekufa. Memsahib akasema pole, lakini angoje hapo nje mpaka wageni wamalize."

Ndolo alitikisa kichwa taratibu, kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Nilimwona nikipita na sahani. Amesimama hapo mlangoni na kofia mkononi. Nikadhani amekuja kutafuta kazi. Nikampungia mkono, nikarudi ndani, nikapeleka pudini. Mgeni mmoja akasema ni tamu sana, akafanya mzaha. Nikacheka." Akamwita mkewe kwa jina ambalo halikuwa limetamkwa katika boma lile tangu msiba. "Nilicheka, Mama Mumbua. Mtoto wangu amelazwa chini ya shuka, na mimi nacheka na watu juu ya pudini. Waliponiambia, treni ilikuwa imeenda."

Nthenya alikuwa akijua maneno mawili tu ya habari ile: nilikosa treni. Alimzika Mumbua na shemeji zake wakishika majembe, na tangu siku hiyo kulikuwa na mahali moyoni mwake ambapo mume huyu hakuwahi kuingia tena. Alimpikia, akamzalia Mutindi, akasali naye benchi moja. Lakini alimhesabu kuwa mtu aliyependa kazi ya Wazungu kuliko mwanawe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mumeo ni mtu wa kuambiwa mtoto wake amekufa baada ya pudini?"

Nthenya akainuka, akaingia katika lile jiko lisilo na paa, akalia kwa sauti. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni. Alimkasirikia yule memsahib, akamkasirikia Muthama kwa kunyamaza, na akajikasirikia mwenyewe kwa miaka yote aliyolala na mtu huyu akimpa mgongo. Wanaume wawili walikaa nje, chai ikapoa.

Asubuhi ya Ijumaa Nthenya alikwenda mtoni mapema kama kawaida. Muthama alimtazama akishuka kilima na ukanda wake. Yeye mwenyewe alikuwa amemeza unyonge miaka mingi, akajiambia kwamba tonge moja zaidi halitamuua. Akachukua nyundo na patasi, akazunguka nyuma ya nyumba. Lori lilipopiga honi njiani, matofali mawili yalikuwa tayari chini, na Irungu alikuja mbio akitabasamu kwa furaha ya kweli.

"Asante, mzee. Umeniokoa."

"Si wewe ninayemwokoa," akasema Muthama, akapiga tena.

Nthenya alitokea kwenye kona na debe mgongoni. Akalitua polepole safari hii. Akaokota tofali, akalipuliza vumbi, akalirudisha katika tundu lake.

"Mama Mutindi, toka hapo. Kazi hii ni ya kukupatia tangi."

"Najua ni ya nini." Akaokota la pili, akalisukuma kwa kiganja mpaka likakaa. Kisha akamgeukia Irungu. "Kijana wangu, wewe ni mtu mzuri na nyumba yako ni nzuri. Lakini huu ukuta hautobolewi."

"Mama, mabati yako hapo barabarani. Tangi. Si wewe ndiye uliyelilia tangi?"

"Bado nalililia. Peleka kwa Kalunde pale ng'ambo, yeye pia anabeba maji."

"Na wakubwa wangu niwaambie nini?"

"Waambie karibu. Wakija tutawapikia. Watapita mbele, watatuona tukipika, na mtu yeyote akija kumletea huyu mzee habari, iwe nzuri iwe mbaya, ataingia na mlango ambao wao wameingia nao."

Irungu alimtazama Muthama, labda akitaka mwanamume aamue. Muthama alikuwa amekaa chini pale pale kwenye mchanga, nyundo mapajani, machozi yanamtiririka na hayapangusi. Kijana akavua kofia, akawapa mkono wote wawili, akaenda barabarani. Lori likanguruma, likapinda kuelekea kwa Kalunde, mabati yakipigana nyuma.

Walisikiliza hadi kelele ikaisha.

"Sasa utabeba maji mpaka lini?" Muthama akauliza.

"Mpaka tununue mabati yetu." Nthenya akajipangusa jasho juu ya ule mfuo wa paji. "Na nani amesema ni mimi nitabeba? Hapo ulipokaa mgongo wako hauna kasoro."

Muthama alicheka, na mara hii alijua anacheka nini. Akasimama. Akamimina maji ya debe kwenye mtungi, akaufunga ukanda upya kama alivyoona wake za watu wakifanya maisha yake yote, akauvaa kwenye paji la uso. Angeweza kushuka kwa kijia cha vichakani ambako hakuna macho. Alipitia sokoni. Wanawake wa mwethya waliacha matofali yao wakasimama, mzee wa kanisa akatoka dukani na kikombe mkononi, na mtu mmoja akapiga mluzi.

Nthenya alisimama kwenye mlango wa jiko lake, moto umeshawaka nyuma yake, akamtazama. Ikutha haikuwa imewahi kumwona mwanamume akibeba debe kwa ukanda wa mkewe mchana kweupe, na wa kwanza alikuwa akitembea katikati ya njia.