Pima Nne za Turubai

Turubai la boti yangu lilipasuka Jumatano, saa nne asubuhi, katikati ya mto. Kwanza lilikohoa, kisha likachanika kutoka mbele hadi nyuma, na maji yote ya mvua ya usiku yaliyokuwa yamejikusanya juu yakamshukia mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu mwenyewe! Walimu wengine wote wawili waliokuwamo hawakupata hata tone.

Mama huyu ana shule ng'ambo ya mto, na walimu wake kumi na wawili wanakaa upande wetu. Wiki ile alikuwa ananijaribu, aone kama anipe kazi ya kuwavusha kila siku, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Mimi niliacha shule darasa la tano. Sasa shule ilikuwa inarudi kwangu yenyewe, na mimi nimeimwagia maji.

Alijipangusa uso kwa kiganja, taratibu.

"Jumatatu," akasema, "nitapanda na walimu wangu wote. Akilowa hata mmoja, kazi nampa yule."

Yule ni jamaa wa boti nyeupe, ya fiba, yenye paa gumu. Alikuwa amesimama gatini anatafuna karanga, na alicheka mpaka karanga zikamrudi puani. Nilifurahi kidogo.

Nikaenda duka la vifaa vya boti. Muuzaji akaangalia picha ya boti yangu kwenye simu, akabofya kikokotoo, akanigeuzia. Namba zilijaa kioo kizima.

"Namba ya simu sijakuomba," nikamwambia. "Nimeuliza bei."

"Ndiyo bei, mzee."

"Ya turubai?"

"Na pete zake za kupitishia kamba."

"Kijana, kwa hela hiyo nanunua ng'ombe. Namlaza juu ya mabomba ya paa, abiria wanakaa chini yake hawalowi, na maziwa wanapata."

Hakucheka. Watu wa maduka yenye kiyoyozi hawacheki.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza huku anakunja nguo. Akasema neno nililokuwa nalikwepa tangu gatini: "Si uende kwa kaka yangu?"

Shemeji yangu anashona maturubai ya malori na mahema. Ni fundi kweli, hilo silipingi. Lakini ni mrefu kupita kiasi, mtaa mzima unamwita Mlingoti, na anavyoniona mimi nilivyo mfupi, tangu siku ya posa ananiita Kizibo. Miaka kumi na tisa sasa. Nikapiga moyo konde, nikaenda.

Karakana yake ni chumba chembamba chenye cherehani mbili na marobota ya turubai hadi darini, kinanuka nta na mafuta ya mashine.

"Karibu, Kizibo! Umekuja kushonewa suruali? Nina kipande kidogo hapa, kimebaki kwenye begi la mtoto."

"Nataka paa la boti. Na unifanyie bei ya shemeji."

"Bei ya shemeji ipo. Ni ile ya kawaida, jumlisha usumbufu."

Tulibishana saa nzima. Akapandisha, nikashusha. Nikainuka kuondoka, akaniacha niondoke, nikarudi kuchukua kofia ambayo sikuwa nimekuja nayo. Mwisho tukakubaliana bei ya kila pima ya urefu, upana haujalishi.

Sisi watu wa majini kila kitu tunapima kwa mikono: kamba, nyavu, kina cha maji. Unatanua mikono, kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kile, hiyo ndiyo pima moja. Watu wa mahema nao ni hivyo hivyo.

"Njoo upime boti," nikamwambia.

"Sina muda, una haraka wewe. Umepima mwenyewe?"

"Pima nne urefu. Upana, pima moja na nusu."

"Yameisha hayo."

Tukapeana mikono. Vidole vyake vilizunguka kiganja changu vikanifika karibu na kiwiko. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nahesabu nilichookoa.

Jumapili mchana alileta turubai kwenye toroli, na mke wangu akaja kuangalia. Tukalipandisha juu ya mabomba, tukaanza kulikunjua. Tukakunjua. Tukaendelea kukunjua. Upande wa mbele likashuka kama pazia, pembeni likagusa maji, na nyuma likapita mwisho wa boti likaendelea na safari zake.

"Mashine iko wapi?" nikauliza.

"Imo ndani," akasema Mlingoti, lakini naye sauti ilikuwa imepungua.

"Nilikwambia pima nne!"

"Ndizo hizi nne!" Akatanua mikono kunionyesha. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli ilibidi ainame.

"Hiyo siyo pima, hiyo ni barabara! Pima ni ya mwenye boti!"

"Pima ni ya mwenye mkasi! Tangu lini fundi akashona kwa mikono ya mteja? Nikukate mikono niende nayo karakana?"

Mke wangu alikuwa amekaa chini gatini, anacheka mpaka machozi. Kila akijaribu kusema ananiangalia mimi, anamwangalia kaka yake, anaanza upya. Alipopata pumzi akaniamuru nilipime lile turubai. Likatoka pima tano kamili za kwangu.

"Basi alipe tano," akasema Mlingoti.

"Kaka, alitaka nne?"

"Nne."

"Wewe umekata ngapi?"

"Nne, lakini..."

"Atalipa nne."

Jamani! Nilicheza. Mtu mzima, mwenye mvi, nilicheza peke yangu juu ya mbao za gati. Pima nzima ya bure, kutoka mfukoni mwa Mlingoti!

"Sawa," akasema shemeji, ananyoosha mkasi. "Sogea nipunguze ziada."

"Upunguze nini?"

"Mbele hapo. Hutaona njia."

"Weka mkasi chini. Ziada ni yangu, nimeshailipia kwa kutoilipia!"

"Mume wangu," akasema mke wangu, na kicheko kilikuwa kimemwisha, "kesho una walimu."

"Nina miaka ishirini na miwili kwenye mto huu. Naujua hata usingizini."

Jumatatu mvua ilianza alfajiri. Ilikuwa inanyesha kwa ubavu, ile inayoingia hadi kwenye soksi. Mwalimu mkuu alikuja na kumi na wawili wake, wamebanana chini ya miamvuli mitano. Akaliangalia turubai, akaniangalia mimi, akaingia. Wakakaa wote. Nikaangusha mapazia pande zote, nikawasha mashine, tukaondoka.

Mle ndani palikuwa kama ndani ya begi. Sekunde kumi hazikupita nikagundua kosa langu. Mto naujua usingizini, ni kweli. Lakini usingizini huwa nauona.

Mwaka mzima wa kazi ulikuwa umekaa mbele yangu, umepakata mikoba, nami sijui kama tunaenda shuleni au tunarudi kwangu.

"Mwalimu wa hapo mbele! Funua kidogo uniambie kuna nini!"

"Kuna maji!"

Huyo alikuwa wa jiografia.

"Maji nayajua, mwalimu! Nguzo ya taa iko wapi?"

"Kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu? Umenigeukia!"

"Nyuzi arobaini upande wa kulia!" akaingilia wa hesabu, jicho kwenye upenyo. "Digrii arobaini, kapteni!"

"Digrii sina, mwalimu, niliishia darasa la tano! Nipe kulia au kushoto!"

Boti nzima ikalipuka kwa vicheko. Wa michezo akatoa filimbi: moja kulia, mbili kushoto. Wa hesabu akawa anahesabu umbali kwa sauti. Wa lugha akawa anawasahihisha wote. Tukapita karibu sana na boti nyeupe, nikasikia mtu anapiga kelele, "Weee! Hema linakuja!" Wa jiografia akachungulia akatangaza kwamba lile paa gumu halina ubavu, abiria wote wameloa na mwenye boti anakamua kofia. Mle ndani wakashangilia kama vile timu yetu imefunga.

"Filimbi tatu maana yake nini?" nikauliza.

"Simama!"

Tukasimama ndani ya matope, hatua kumi kutoka gatini. Mwalimu mkuu akainuka.

Alianza mbele. Alimgusa kila mwalimu bega, mgongo, viatu, mmoja baada ya mwingine, kama anayesahihisha mitihani. Kumi na wawili, wote wakavu, mimi nahesabu naye moyoni. Akafika kwangu nyuma, akanigusa bega. Kavu. Miaka ishirini na miwili nimevusha watu kwenye mvua, na ile ndiyo mara ya kwanza bega langu kuwa kavu, maana paa la zamani halikuwahi kumfikia nahodha.

"Mbele hapo," akasema, "utatoboa dirisha. La plastiki. Leo hii. Gharama juu yako."

"Juu yangu, mwalimu. Hata mawili."

Akatoa karatasi ya mkataba mkobani, akaiweka juu ya kifuniko cha mashine. Nikatia sahihi, ndefu, yenye mikia. Walimu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nikaacha usukani nikapiga kwa mikono yote miwili, boti ikachomoka matopeni ikaanza kurudi mtoni polepole na shule nzima ndani, na wa michezo alikuwa anacheka sana hata filimbi hakuweza kuipuliza.