Mpishe Mama, Kisha Pinda Kulia

Kazi yake ilikuwa kupotea. Kila asubuhi alivaa spika za masikioni, akaketi mbele ya skrini na kuingia kwenye mji wa majaribio, nakala ya mji wao wenyewe barabara kwa barabara. Humo kampuni iliijaribu Sauti, mashine ya kuelekeza watu njia kwa mazungumzo, ili ikosee hapo kabla haijaachiwa barabarani. Alitembea kwa kubonyeza vitufe na kuuliza kwa mdomo. Masharti hayakuwa mengi: usionyeshe kwamba njia unaijua, na swali lisipojibiwa vizuri, liulize upya kwa namna nyingine. Wenzake walimwita Mpotevu, naye aliitika bila kinyongo.

Nakala ile ilikuwa na kosa. Ilitengenezwa kwa picha zilizopigwa kabla mtaa wa kina Mpotevu haujavunjwa. Tingatinga lilikuja watu wakiwa bado wamelala, bila taarifa, wakatoka na magodoro kichwani, na sasa palikuwa maegesho ya magari. Lakini kwenye skrini mtaa ulikuwa umesimama vilevile, na mlango wao wa kijani, na kamba ya nguo. Mpotevu aliliona kosa hilo mapema kabisa akalifumbia macho.

Mama yake, tangu siku ya tingatinga, aliishi kwa dada yake Mpotevu, kwenye kiti cha sebuleni, kimya, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku moja, kwenye skrini, Mpotevu alipita mbele ya mlango wa kijani akamkuta mama anafagia uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Kazi itakumaliza wewe," mama alisema, akaendelea kufagia.

Baadaye kidogo dada akapiga simu. "Mama yuko huko kwako?"

"Yuko. Anafagia."

"Haya. Mwambie dawa yake ya presha ameiacha huku."

Dada akaileta dawa ofisini. Mpotevu akawa anaweka kidonge kando ya skrini kila asubuhi, na wakati wa chai kilikuwa kimeshamezwa.

Mama alielewana na Sauti. Aliiita mwanangu, na kila siku aliiuliza ni nani aliyetoa amri ya kuvunja mtaa.

"Samahani, sina taarifa hiyo," Sauti ilijibu. "Ungependa nikuelekeze mahali pengine?"

"Angalau imesema samahani," mama alimwambia bintiye Mpotevu. "Nilizungushwa ofisi zote zile, hakuna hata mmoja aliyefika hapo."

Mambo yakaharibika pale mpimaji mwingine wa Sauti alipolalamika kwamba Sauti inapeleka watu kwenye nyumba zisizokuwepo. Msimamizi akamwita Mpotevu. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Ulijua?"

"Nilijua. Mama anaishi pale."

Msimamizi akainamia skrini, akamwona mama anaanika shuka. "Namwona," alisema. "Lakini ramani lazima ifanane na hali halisi. Mwambie ahame kabla ya Ijumaa."

Ilikuwa mara ya kwanza familia ile kupewa taarifa. Mpotevu akaifikisha kwa mama.

"Nimeshahama," mama alijibu. "Inatosha."

Ijumaa fundi wa kompyuta akaufuta mtaa kwa kidole kimoja, akaenda kunywa chai. Aliporudi, maegesho yalikuwa yametandazwa na mistari yake myeupe, na katikati mama ameketi kwenye kile kiti cha sebuleni, mkoba mapajani. Dada akapiga simu kusema kiti hakionekani, akaambiwa kiko wapi. Fundi akajaribu kumfuta mama, hakufutika. Akamsajili kuwa kizuizi cha kudumu, kama nguzo ya umeme. Mpotevu alilia palepale mezani, kwa sauti, na wenzake wakamsogezea kikombe cha chai na kuendelea na kazi.

Sauti ilijifunza haraka. "Mpishe mama, kisha pinda kulia," iliwaambia madereva, hata ilipoachiwa barabarani. Madereva wakatii. Kwenye maegesho ya kweli magari yalizunguka mahali patupu, mpaka mlinzi akapapaka rangi ya njano ili pajulikane. Wakubwa wa mji walifurahi kwamba hakuna magari yaliyogongana. Mama wa nani, na anafanya nini pale, hakuna aliyeuliza.

Jumatatu Mpotevu alipangiwa kupima eneo lile.

"Naomba unielekeze nyumbani kwetu," alisema.

"Umeshafika," Sauti ikajibu. "Maegesho yako mbele yako."

Akauliza upya kwa namna nyingine, kama masharti yanavyotaka. "Nyumba ya mama yangu iko wapi?"

"Umeshafika. Tafadhali mpishe mama."

Msimamizi, aliyekuwa akisikiliza nyuma yake, alisema majibu yote ni sahihi, akaipa Sauti alama zote. Mpotevu akaweka kidonge cha presha kando ya skrini, akaenda kupotea mtaa mwingine.