Kidari cha Mama wa Nyumba

Wewe umewahi kuona mbuzi akigawanywa na watu wazima, wenye akili zao, ambao wote wanaogopa kulitaja fungu moja? Kama hujaona, basi kaa hapo. Ilitokea juu ya mji wa Mkuu, Rombo, kwenye kihamba cha Leodegar, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, siku ya pili baada ya Noeli. Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu mzuri tu, mweusi mwenye doa jeupe shingoni, na hakuwa na kosa lolote katika jambo hili.

Mwenye fungu alikuwa Salvina, mke wa Leodegar. Mwaka ule alitolewa ziwa la kushoto hospitalini Moshi kwa sababu ya saratani, akamaliza na zile dawa za dripu zilizompukutisha nywele. Sasa nywele zilikuwa zinarudi, fupi na laini kama manyoya ya kifaranga. Daktari akamwambia arudi nyumbani, awe anakuja kliniki kwa tarehe zake. Akarudi. Alidhani ataikuta nyumba kama alivyoiacha. Aliikuta ipo pale pale, na bati lake na ng'ombe wake, ila imeacha kutaja kifua.

Leodegar akibanwa na kikohozi, jirani akimuuliza anaumwa nini, alisema ana mafua ya chini. Kanisani, pale waamini wanapokiri makosa yao na kujipiga kifua, Leodegar aliyesimama kando ya mkewe alijipiga tumboni. Jumapili ya kwanza Salvina alidhani ana njaa.

Jikoni ndiko kulikobadilika zaidi. Loveness, binti yao mkubwa anayefanya kazi Dar es Salaam, alichukua likizo yake yote akaja kumlisha mama yake. Walikuwa wamekwenda wote wawili kwa yule mama wa lishe hospitalini, mwanamke mnene mpole mwenye miwani ya kamba, naye aliwaeleza vizuri. Kula vyakula vya nyumbani. Mboga kwa wingi, zioshwe kwa maji safi yanayotiririka. Maziwa yachemshwe. Nyama kidogo, iive mpaka ndani, na kisusio, ile supu ya damu, aachane nayo. Sukari na pombe apunguze. Loveness alirekodi yote kwenye simu. Lakini kwenye simu hiyo hiyo kulikuwa na kundi la watu wenye wagonjwa wao, na kila mtu humo alikuwa na lake. Mmoja alisema maziwa ni sumu. Mwingine alisema nyama nyekundu inauamsha ugonjwa kama mtu anayeitwa kwa jina. Loveness akaona njia salama ni kuwasikiliza wote kwa pamoja.

Basi maziwa yakaondoka mezani, ingawa ng'ombe alikuwa wa Salvina mwenyewe na alimjua mpaka tabia. Ndizi ziliogeshwa kwa maji ya chumvi, zikamenywa, zikaogeshwa tena. Yuditha, au Mama Tito, mke wa Primus shemeji yake, aliyekuwa akipita kila asubuhi kumjulia hali, alisimama mlangoni akaangalia, akauliza kama ndizi hizo zinaandaliwa komunyo ya kwanza.

Nyanya nazo zilinukia kama shati la Jumapili.

"Loveness, hizi umeziosha na nini?" Salvina aliuliza.

"Sabuni ya maji, mama. Si unajua wanavyopiga dawa kule tambarare? Zinafika na unga mweupe kabisa."

"Mama wa lishe alisema maji safi."

"Alisema. Lakini sabuni inaua zaidi."

"Inaua nani?"

Loveness akazirudisha nyanya kwenye beseni. Alizisuuza tena, akazipanga kwenye sahani, akakaa kumwangalia mama yake akila. Salvina alikula. Alijua mtoto anaogopa, na mtu anayeogopa humnyang'anyi ufagio wake, unamwacha afagie. Kwa hiyo alikula mchicha usio na chumvi, akala uji usio na maziwa, na kila mchana alipewa kipande cha kuku kilichochemshwa mpaka kikawa kama pamba. Kilikuwa kidari cha kuku, siku zote kidari, lakini Loveness alikiita nyama nyeupe.

Sasa nikueleze habari ya kidari cha mbuzi, maana kila ukoo una taratibu zake na huu ulikuwa na zake. Mbuzi wa Noeli huchinjwa na Primus, mdogo wake Leodegar, nyuma ya nyumba penye migomba mirefu, na mafungu hupangwa juu ya majani ya mgomba. Kisha Primus husimama akaita, na kila mwenye fungu husogea kupokea. Mgongo ni wa mkubwa wa ukoo. Shingo ni ya mchinjaji. Miguu ni ya mabinti walioolewa. Na kidari, ile nyama ya mbele yenye mafuta yake na mfupa laini unaotafunika kama karoti, ni cha mama wa nyumba. Anakipokea kwenye sinia, anakipika, halafu anakigawa kwa mkono wake kwa anaowataka. Ukigawiwa kidari nyumba ile, unajua umepatana na mama.

Fungu huitwa, haliombwi. Na kidari hakihami ovyo. Salvina alikipata baada ya kufa mama mkwe wake, bibi Bernadetha. Sinia la bluu lenye maua mekundu, lililobanduka rangi pembeni, lilikuwa la huyo bibi, na alipozikwa lilikuja jikoni kwa Salvina pamoja na haki yake. Haikuwahi kutokea kidari kimtoke mwanamke aliye hai.

Siku moja kabla ya kuchinja, Salvina alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo uko kichwani, akasikia sauti upande wa pili wa ua wa masale. Alikuwa Loveness na Primus.

"Baba mdogo, kesho ile nyama ya mbele, mama usimpe. Hali nyama nyekundu."

"Ile ya mbele?"

"Ile."

Primus akasema, "Afadhali umesema mwanangu, maana hata mimi nilikuwa sijalala vizuri. Nitasimamaje mbele za watu wote niite ile nyama kwa jina lake, halafu nimpe shemeji? Na jinsi alivyo sasa? Itakuwa kama namcheka."

"Basi usiite."

"Nimpe nani sasa?"

"Yeyote tu, baba mdogo."

Salvina alisimama pale na mzigo wake mpaka wakaondoka. Yeyote tu. Majani yalikuwa mabichi, maji yanamtiririka shingoni, lakini hakuyaweka chini. Alikuwa amelala juu ya meza ya chuma, akafungwa bandeji, akatapika kwenye beseni la njano, na muda wote huo hakuona kama amekufa. Sasa alisimama kando ya ua wake mwenyewe akisikia wanagawa kilicho chake kwa adabu na huruma, kama wanavyogawa nguo za marehemu.

Alimlisha ng'ombe. Jioni alikula mchicha. Hakusema kitu, kwa kuwa alitaka kuona kama Primus akiwa amesimama pale na kisu mkononi, mbele ya mafungu, ulimi wake utamrudia.

Asubuhi aliliosha lile sinia. Loveness akaliona.

"La nini, mama?"

"Lina vumbi."

Ilipofika saa za mafungu, watu walikuwa wamejaa nyuma ya nyumba, watoto wamekaa juu ya magogo, mbege, ile pombe ya ndizi, inazunguka upande wa wanaume. Salvina alisimama na wanawake, sinia amelishika mbele yake kwa mikono miwili. Lilimfunika kuanzia shingoni hadi kiunoni, na Leodegar alipoliona akageuka akaanza kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri kabisa.

Primus akaita. Mgongo ukaenda kwa Leodegar. Shingo akajiwekea mwenyewe. Miguu ikaenda, ini likaenda kwa wazee wasio na meno, utumbo ukaenda kwa wenye mapenzi nao. Jani moja likabaki na nyama juu yake. Primus aliliangalia kama limeletwa na mgeni.

"Na hii nayo," akasema, "hii ya mbele."

"Ya mbele ipi?" Yuditha akauliza. "Mbuzi ana mbele nyingi."

"Hii hapa. Si unaiona?"

"Naiona. Nakuuliza inaitwaje. Miaka yote unaiita, leo umesahau?"

"Mama Tito, usinichoshe. Njoo uishike wewe kwanza."

Yuditha alijifuta mikono kwenye khanga taratibu, mkono mmoja kisha mwingine, wala hakusogea. "Niishike mimi? Mwenyewe si yule pale na sinia? Mimi nikiishika hiyo leo, kesho mtaniambia nikavae na viatu vyake."

Kuna mwanaume alicheka, akaona amecheka peke yake, akanywa mbege.

Loveness akapita katikati ya watu. "Mama mdogo, tulishaongea na baba mdogo. Mama hali nyama nyekundu. Ni kwa ajili ya afya yake. Jamani, ni afya tu."

"Kaka, wewe unasemaje?" Primus akamuuliza Leodegar.

"Mimi naangalia moto," Leodegar akasema.

Salvina akaona basi. Ulimi wa Primus haukurudi na hautarudi, na jani lile halitatembea lenyewe. Alimgeukia binti yake, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza chumvi iko wapi.

"Loveness, mama wa lishe alisemaje kuhusu nyama?"

"Mama, si hapa."

"Hapa hapa. Wewe ndiye uliyerekodi."

Loveness akaangalia chini. "Alisema kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kiganja. Bila mafuta. Na iive mpaka ndani."

"Alisema nisile?"

"Hakusema. Lakini mama, kwa nini tujaribu? Kama kuna hata kanafasi kadogo tu kwamba ndiyo inayorudisha…" Hakumaliza. Alikuwa ameshika simu kifuani kwa mikono yote miwili, na watu wakaangalia migomba.

"Sikatai," Salvina akasema. "Unanitunza, nami naona. Mchicha wako nimekula, hata nyanya za sabuni nimekula, na mdomo umetoa povu sikusema. Sasa nikuulize lingine. Noeli ya mwisho ya bibi yako Bernadetha, alikuwa anaweza kutafuna?"

"Hapana. Alikuwa anakunywa mtori tu."

"Na kidari alipewa nani?"

Neno lilikuwa limetajwa. Leodegar alikaa na kijinga cha moto mkononi.

"Bibi," Loveness akasema.

"Akakifanyaje?"

"Alikinusa. Halafu akatugawia." Loveness alikuwa analia sasa, lakini kimya kimya, bila kujifuta. "Mimi alinipa ule mfupa laini."

"Alikupa wewe kwa sababu ulikuwa umemfulia mashuka mwezi mzima bila kuambiwa. Nami mwaka huu nimefuliwa mashuka. Nitampaje mtu mfupa laini kama sina kidari?"

Salvina akaanza kutembea. Ilikuwa hatua chache tu, juu ya majani yaliyolowa, na watu wakampisha kama wanavyopisha maandamano ya Ekaristi. Alisimama mbele ya Primus. Primus alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango, naye alikificha kisu chake nyuma ya mgongo.

"Shemeji," akasema Primus, "mimi niliogopa utaona nakucheka."

"Najua. Nilikuwa upande wa pili wa ua."

"Ulisikia?"

"Mpaka pale pa yeyote tu."

Primus akaangalia viatu vyake. Nyuma, Loveness akafunika mdomo.

"Ziwa moja lilitolewa Moshi," Salvina akasema. "Mimi sikutolewa. Nilitaka mmoja wenu aseme hivyo bila kuambiwa, nikangoja, nikachoka. Nitakichemsha mpaka kiive. Mafuta nitayatoa, nitakula kiganja, na Loveness asimame juu ya sufuria anipimie kama anataka. Kinachobaki nitagawa."

Alilishusha sinia lile la bluu kutoka kifuani, akalinyoosha mbele, na gauni lake likaonekana, upande mmoja umejaa na mwingine uko sawa na ubao, na hakujirekebisha.

"Nataka kidari changu, Primus. Kiite kwa jina, uniite na mimi kwa jina, halafu kiweke hapa."