Baba Mkwe Wangu wa Miaka Miwili na Nusu

Baba mkwe wangu ana miaka miwili na nusu, na meno yake ni makali. Asubuhi moja aliniuma mkono kwa sababu nilimnyang'anya kisu. Kisha akajitupa chini, akapiga kichwa sakafuni, akalia mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna msiba. Nikamjibu kwamba hakuna msiba, ni Papa Cyprien tu amekasirika.

Nieleze mapema, mtu asije akadhani nina wazimu. Huyo ni mwanangu, nimemzaa mwenyewe. Lakini alipewa jina la Cyprien, baba wa mume wangu Ruphin, ambaye alifariki kabla sijaolewa na ambaye sikumkuta hai. Na katika ukoo huu, anayepewa jina la marehemu anapewa na heshima zake zote. Mimi ni mkwe, kwa hiyo siruhusiwi kumpiga, siruhusiwi kumfokea, wala siwezi kumwita kwa jina hivi hivi kama mtoto wa mtu. Namwita Papa. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba tunayokaa hapa Kalemie ni yake, anamwita "bwana yangu". Humwekea kipande cha samaki kilicho kinono, na kila asubuhi humuuliza mbele ya watu ni mwanamke gani aliyemlaza nje. Watu hucheka. Zamani nilikuwa nacheka pia.

Niliacha kucheka nilipoona hasemi. Watoto wa rika lake hapa uwanjani walikuwa tayari wanatukanana vizuri kabisa, kila mmoja na matusi ya kwao, lakini wangu alikuwa na "baa" na "eee" basi. Ukimwita kwa nyuma, hageuki. Ukimkataza, anakutazama mdomo, anacheka, anaendelea. Alivunja sahani. Alimwaga ndagala wangu, dagaa wa kuuza niliowaanika, akawakanyaga. Siku moja alinichoropoka sokoni akaingia katikati ya pikipiki, na wale vijana walipiga honi mpaka masikio yakaniuma mimi. Yeye alikuwa anaokota kifuniko cha chupa. Nilimbeba, na sikuweza hata kumchapa kofi moja, kwa sababu utampigaje kofi baba mkwe wako hadharani?

Kila nilipolalamika, jibu lilikuwa lile lile.

"Huyu njo mzee mwenyewe," alisema mama mkwe, akijipiga paja kwa furaha. "Mzee alikuwa vile. Unamuongelesha, anakupa mugongo. Akikasirika, anapiga meza. Amerudia muzima muzima!"

Ruphin alikuwa na hadithi yake, na aliipenda kweli. Eti siku moja ndugu wote wa baba yake walikutana kuzungumzia shamba la ukoo, wakagombana tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Mzee alikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Watu walipoanza kuondoka, akasimama akauliza, "Sasa tunaanza saa ngapi?" Hapo Ruphin alikuwa anashika tumbo. Baba yake alikuwa mwanaume wa dharau namna hiyo, alisema, mtu asiyebabaishwa na maneno ya watu.

Mimi nilianza kumpima mtoto kwa siri. Alipokuwa amekaa kwenye lile benchi refu la marehemu, aliloliunda mwenyewe kwa mbao za meli, niligonga mfuniko wa sufuria juu ya benchi nyuma yake. Akageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, akaona, akashangilia. Kesho yake nikapiga makofi hewani nyuma ya kichwa chake. Kimya. Nikaimba. Kimya. Lakini lori la simenti likipita barabarani anakimbilia mlangoni kabla sijalisikia vizuri. Na kanisani ndiyo balaa kabisa. Anaenda mwenyewe kwenye kile kipaza sauti kikubwa, anakibandika tumbo, anacheza mpaka waimbaji wanamshangilia.

"Kiziwi gani anachezaka?" Ruphin aliniuliza tukitoka ibadani. "Uniambie, Syntiche. Kiziwi gani?"

Mimi nauza ndagala, masikio sikuyasomea.

Nilimpeleka kwa Papa Germain, muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu nasi, mtu mpole anayezungumza na watoto kabla ya kuzungumza na mama zao. Alimulika masikio kwa tochi. Alijificha nyuma ya mlango akaita, akapiga filimbi, akatikisa funguo. Mwanangu alikuwa ameshughulika na kuvua kiatu.

"Mama, mimi siwezi kukuambia njo hivi ao haiko hivi," alisema. "Chombo ya kupimia sina. Lakini nashuku. Juma ijayo kuna munganga wa masikio anakuja ku hospitali, anatoka Lubumbashi. Atakaa siku chache tu. Ulete mutoto. Na baba yake akuye."

Nilitoka pale karibu nikimbie. Miezi yote ile nilikuwa napigana na upepo, na sasa mtu mwenye akili zake alikuwa ametamka neno "nashuku".

Ruphin alinisikiliza huku akifuta mikono. Anatengeneza mashine za mitumbwi, na mikono yake haitakati hata siku ya Krismasi. Akasema, "Mimi sina shida. Lakini ile jina ni ya Mama. Umuulize Mama."

Nikamuuliza Mama.

"Munataka kupeleka bwana yangu ku hospitali," alisema polepole, "ili mji muzima waseme Cyprien ni kiziwi? Ile jina haijabeba kiziwi hata siku moja. Mutoto akichelewa kusema, atasema. Babu yake pia hakuwa mutu wa maneno. Ukienda naye kule, Syntiche, usirudie naye mu nyumba yangu."

Daktari akafika. Siku zikaanza kwenda. Nilipika kuku. Nilifua nguo za mama mkwe bila kuombwa. Nilipiga magoti, nikalia machozi ya kweli. Nikimwomba Ruphin, ananiambia nimwombe Mama. Nikimwomba Mama, ananiambia niache kumtangaza mume wake. Atakayeniuliza kwa nini sikumtorosha mtoto, ajue kwamba bibi yake alikuwa amenitangulia. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kuwasha moto, alikuwa ameshamfunga mgongoni na kuondoka naye kwenda shambani kwake, akirudi magharibi. Mimi nilibaki na ndagala zangu na hasira zangu. Sikujua naweza kukasirika kiasi kile na bado nikasalimia watu vizuri.

Siku daktari anaondoka nilikuwa sokoni. Ndege ilipita juu yetu kuelekea kusini. Mteja wangu alikuwa anachagua samaki mmoja mmoja kana kwamba anachagua mchumba, akaniambia nimpunguzie bei. Nikampunguzia bila kubishana. Aliniangalia kwa mashaka, akaenda kununua kwa mwenzangu.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula, sisi wote, mtoto akiwa kwenye benchi kati yangu na bibi yake. Umeme ukakatika. Mtoto alifanya kama anavyofanya kila ukikatika: alipiga yowe, akatupa mikono, bakuli likaruka, mchuzi ukanimwagikia mapajani. Nilimwita, "Papa, Papa, niko hapa," na huku ninamwita nikajua ni kazi bure. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kuweka kichwa juu ya meza nilie pamoja naye.

"Umuache," alisema mama mkwe gizani. "Mimi najua bwana yangu."

Akapiga benchi kwa kiganja, mara mbili, polepole. Yowe likakatika hapo hapo. Nilisikia mtoto akitambaa juu ya ubao kumfuata, akapumua kwa kwikwi, akatulia mapajani pake.

Bibi akacheka kwa ushindi. "Uliona? Anasikia! Njo vile nilikuwa naita na babu yake. Ukiita na mudomo, hapana. Unapiga benchi, unapiga kitanda, unapiga meza, anageuka. Kila mutu iko na mulango yake."

Ule mtetemo wa ubao nilikuwa nimeuhisi na mimi. Niliweka kijiko chini.

"Mama," nikasema, "mzee ukimuita na mudomo, alikuwa hageuki?"

"Kiburi yake."

"Ata ukiwa nyuma yake?"

"Zaidi ukiwa nyuma yake."

"Na ukiwa mbele yake, anakuangalia usoni, alikuwa anajibu?"

"Mbele anajibu. Alikuwa mutu wa kuangalia watu sana, macho kama..."

Ningeweza kuishia pale. Labda ningekuwa mkwe mzuri zaidi kama ningeishia pale. Lakini ile ndege ilikuwa bado inapita kichwani mwangu.

"Kazi yake ilikuwa gani, Mama?"

Alijua kwamba najua. Kila mtu hapa anajua. Tangu ujana mpaka nguvu zilipomwisha, mzee Cyprien alikuwa fundi wa meli, mpiga nyundo, ndani ya matumbo ya chuma yanayorudisha kila mlio masikioni, kutwa nzima.

"Nyundo," alisema.

Ruphin aliacha kutafuna. Nikamsikia akisema, "Ile kikao ya shamba..." Hakuimaliza. Nilingoja aimalize, akasukuma sahani yake tu.

Mama mkwe alianza kuzungumza, na sikuwahi kumsikia na sauti ile. Alisema siku ile mzee alipokuwa anakufa walikuwa wamegombana. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kijinga, juu ya maneno aliyomtupia mbele ya wageni, kwamba ameolewa na gogo. Jioni akaona hali imekuwa mbaya, akaenda kukaa kando ya kitanda. Akamwambia, Cyprien, nisamehe. Mzee alikuwa macho; vidole vyake vilisikika vikicheza juu ya shuka. Akamwambia tena, tena na tena. Mzee hakujibu, alisikika tu akijigeuza kuelekea ukutani. Asubuhi akawa amekufa.

"Miaka hii yote," alisema, "nikienda kusali, naomba Mungu amuongelesheko, juu alikufa na kinyongo na mimi. Mutoto alipozaliwa nikasema, tumupe jina yake. Labda safari hii tutasikilizana."

Mtoto alikuwa anapumua kwa nguvu mapajani pake, usingizi ukianza kumjia.

"Kuran ilikuwa imekatika," akasema, akimaanisha umeme. "Ile jioni. Kama sasa hivi. Nilimuambia mu giza."

Miezi mingi nilikuwa nimeota kumshinda mwanamke huyu. Nilikuwa na maneno tayari, makali, nimeyanoa nikiosha vyombo. Sasa nilikuwa nimemshinda, na sikuona furaha hata chembe. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye, na sikujua nianze na kipi. Nilifuta mchuzi kwenye kitenge changu.

"Ule munganga wa masikio," aliniuliza, "anarudia lini?"

"Ameenda, Mama. Leo. Na ndege."

"Najua ameenda. Nauliza anarudia lini."

"Papa Germain anasema hawajui. Pengine mwaka kesho. Pengine hapana."

"Ruphin," alimwita mwanawe. "Lubumbashi ni mbali?"

"Ni mbali, Mama." Sauti ya Ruphin ilikuwa kama ya mtoto aliyetumwa dukani akapoteza njia. "Ni mbali sana."

Basi akaomba simu yangu. Nikamwashia tochi, nikamwambia imebaki na chaji kidogo. Alimkalisha mtoto wima, uso kwa uso, akajimulika mwenyewe kuanzia kidevuni. Mikunjo yote ikaonekana, na meno yaliyobaki, na machozi ambayo gizani hatukuwa tumeyajua. Mtoto akazinduka. Hakulia. Alimtazama mdomo kwa makini, kama anavyonitazama mimi siku zote ninapomkataza kitu, na ambavyo mimi siku zote nimedhani ni ujeuri.

"Nisamehe, bwana yangu," alisema bibi, polepole, akifungua mdomo sana. "Nisamehe."

Mtoto akanyoosha mkono, akaingiza vidole mdomoni mwake, akavichezesha ndani, akitafuta. Kisha akamtazama machoni, akasema, "Baa."

"Anasema nini?" mama mkwe aliniuliza. Alinigeukia haraka, kwa matumaini ambayo yalinitia hofu. "Syntiche, wewe njo mama yake. Anasema nini?"

"Sijui, Mama," nikasema. Na kweli sikujua. Anasema hivyo kwa mbuzi pia.

Alimgeukia tena, akaisogeza tochi karibu zaidi, akaanza upya, "Nisamehe." Hapo simu ikazima. Mtoto akapiga yowe lile lile, akajirusha nyuma, kichwa chake kikanigonga kifuani. Nilimshika. Mama mkwe akapiga benchi, nami nikapiga kwa mkono uliobaki, na upande wa pili wa meza nikasikia Ruphin akivuta kiti chake, akaja, akaanza kupiga pia, sote watatu bila mpangilio, kila mtu kwa mpigo wake. Mtoto alilia tu. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna msiba, na safari hii hakuna aliyemjibu.