Hodi Tatu na Bomba la Ekzosi

Kopo la rangi liliandikwa wazi: ikaushwe kwa moto, mahali penye hewa. Mimi Haruna, fundi magari wa Mingoyo, nililisoma kopo lote. Tatizo langu si kusoma, ni kichwa kigumu.

Mvua ilianza saa nne asubuhi. Bomba la ekzosi la gari la mteja wangu Mfaume lilikuwa limeshapakwa rangi, limebaki kuokwa: kwanza moto mdogo nusu saa, lipoe, kisha moto mkali. Nilikuwa uani na oveni ya bati ya mkaa, ile ambayo mke wangu Warda huokea skonzi. Nikaivuta mpaka koridoni, nikafunga mlango wa uani mvua isiingie, nikajiona nina akili kuliko mafundi wote wa Lindi.

Koridoni hapo ndipo ulipo mlango wa chumba cha mzazi. Warda alikuwa na siku ya tano tangu ajifungue. Mama yake, Bi Kijakazi, alikuwa amejifungia naye humo pamoja na mtoto: dirisha limezibwa kwa kanga, ubani unafuka, na mwanamume haingii mpaka aitikiwe. Hata mimi baba mtu.

Moto wa pili ulipokolea, rangi ikaanza kutoa moshi, macho yakaniwasha. Nikapata wasiwasi kidogo. Nikabisha.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, mama!"

Kimya.

"Hodi humu ndani!"

Tumefundishwa tangu madrasa: hodi tatu, usipoitikiwa rudi. Nikarudi. Wamelala, nikajiambia, na mzazi anahitaji usingizi. Nikaenda kuligeuza bomba.

Nilipoinama, magoti yakaniishia nguvu. Nikajishikiza kwenye oveni, ikaniunguza kiganja, na maumivu yale ndiyo yaliyonizindua. Haikuwa rangi peke yake. Ilikuwa hewa ya sumu ya mkaa, nayo nilikuwa nimeifungia ndani kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa. Mlango wao ulikuwa na komeo kwa ndani. Nilitaka kumwita mwanangu, nikakumbuka kwamba hana jina, jina lilikuwa linangoja siku ya saba. Nikaupiga mlango mateke huku nalia, "Mtoto! Mtoto!"

Komeo likang'oka. Bi Kijakazi alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi. Warda alinitazama bila kuniona. Mtoto hakutikisika. Nikamnyakua, nikaufungua mlango wa uani kwa teke, nikapiga yowe. Jirani yetu Fauzia akaja mbio, akawaburuta wale wawili hadi nje, mmoja baada ya mwingine.

Mvua ilimpiga mtoto usoni. Hakufanya kitu. Nikampulizia, nikamsugua mgongo, nikamwomba Mungu achukue karakana, achukue macho yangu. Kisha akapiga chafya, akalia. Fauzia akamfunika, akampa Warda, aliyekuwa ameshazinduka.

Bi Kijakazi alifumbua macho akiwa kwenye tope.

"Nani kakuruhusu kuingia bila hodi?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Nilibisha, mama. Mara tatu. Hamkuitika."

"Ndio ukavunja mlango?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini uongo haukunijia.

"Hapana, mama. Nilirudi kwanza kuligeuza bomba."

Warda alisikia. Akamhamishia mtoto bega la pili, upande ambao mimi sipo.