Kanga Watatu Nyuma ya Ghala

Machakos nzima hakuna mkono uliowahi kuchora ng'ombe kama mkono wa Mbithe. Mwenyewe ndiye aliyetangaza hivyo, kisha akaongeza kwamba ng'ombe wake wa kwanza, pale kwenye ukuta wa bucha ya Kilonzo, aliwafanya wateja wamuulize mwenye duka tangu lini ameanza kuuza punda.

Hayo yalikuwa kabla ya ngazi kumtupa. Alikuwa juu akipaka jina la hoteli moja mjini, ngazi ikateleza, akaja chini pamoja na kopo zima la rangi ya bluu. Mkono wa kulia ukavunjika. Mfupa ulipona, lakini kila aliposhika brashi mkono ulitetemeka kama wa mtu anayeungama. Miezi minane! Akafunga makopo yake, akahamia Kathiani kwa kaka yake, na uchoraji akaacha hata kuutaja, maana kuutaja kulimliza.

Kalunde, mke wa kaka yake, alikuwa mkubwa wa mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaochimbiana mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia mvua isibebe udongo, shamba kwa shamba. Kwenye mwethya hakuna kukaa: mwenye mikono miwili anashika jembe. Mbithe alisamehewa kwa kuwa na mmoja na nusu. Tena, tuseme ukweli, hakusikitika sana. Hata alipokuwa mzima, yeye na jembe hawakusalimiana.

Siku zamu ilipofika shamba la Kalunde, Mbithe aliwapelekea uji. Akachungulia mtaroni, akasahau uji.

Majembe yalikuwa yameukata mlima kama mkate. Juu udongo mweusi. Chini yake mwekundu wa nyama mbichi. Kisha manjano, ile ya kiini cha yai la kienyeji. Na chini kabisa mweupe unaometameta. Mvua ya usiku ilikuwa haijakauka, rangi zinang'aa kana kwamba kuna aliyezimwaga saa hiyo hiyo. Mbithe akabaki amekodoa macho.

"Wifi, umeona nyoka?" Kalunde akauliza.

"Nimeona udongo."

"Huo tuko nao mwingi. Chukua."

Akachukua! Alijaza leso, akakimbia, mwanamke wa miaka sitini na tatu, na ndoo ya uji bado mkononi, mpaka nyuma ya ghala. Akachekecha, akachanganya na utomvu wa mgunga uliolainishwa kwa maji moto, akatafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa brashi. Pale kando kanga walikuwa wanaparura majani, wanene, wenye maringo. Akaanza kumchora mmoja ukutani. Mkono ukatetemeka.

"Haya, tetemeka!" akaufokea. "Tetemeka uchoke!"

Ukatetemeka, na kila ulipotetemeka ukaacha doa jeupe. Doa, doa, doa. Mbithe akarudi nyuma akatazama. Manyoya ya kanga ni nini kama si madoa? Akacheka peke yake kwa sauti. Kanga wa pili alitoka haraka zaidi, na alipofika kwenye jicho la wa tatu, duara dogo kama mbegu ya mchicha, mkono ulikuwa umetulia tuli. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye udongo mwekundu.

Ndipo akasikia sauti za kina mama wakija kufuata uji wao. Furaha ikagongana na wazo moja: jembe. Akaficha mkono wa kulia ndani ya sweta.

"Ngai!" Kavutha, jirani, akasimama wima mbele ya ukuta. "Nani amefanya haya?"

"Fundi mmoja wa Matuu," Mbithe akajibu. "Alikuwa anapita, akaomba maji."

"Akachora kanga kwa kiu?"

"Mafundi wa Matuu wako hivyo."

Kalunde aliokota kipande cha kaa, akausogelea ukuta. "Fundi mzuri, lakini amesahau mkia. Wacha nimsaidie." Akaanza kumwekea kanga wa tatu mkia mrefu wa jogoo.

"Wifi, toka hapo!" Mbithe akaruka, akampokonya lile kaa. "Kanga na mkia wa jogoo wapi na wapi? Saa nzima ninahangaika na huyo, wewe unakuja..."

Kina mama wote walikuwa wanautazama mkono wake wa kulia, ulioinuliwa juu na kaa lake, ukiwa na udongo wa rangi tatu mpaka kwenye kiwiko, na hautikisiki hata kidogo.

"Endelea, mwaitu, mama yetu," Kavutha akasema kwa upole. "Ulikuwa unatuambia kuhusu fundi wa Matuu."