Mshahara wa Bega

Kwenye televisheni, mchezaji alianguka kwenye nyasi akishika kifundo cha mguu, na watu wanne wakamkimbilia na machela. Machela mapya, kwa mguu ambao haukuvunjika. Banda zima la Damien, hapa Nyamitaba, lilishusha pumzi kama ndugu wa mgonjwa.

"Damu haiko hata kidogo!" nilisema. "Makuta yake, mshahara wa juma moja tu, ingetengeneza barabara yetu mpaka Mweso."

"Papa Edmond, ni yeye alikula makuta ya barabara?" Damien alijibu bila kugeuka. Banda ni lake, televisheni ni yake, na mgongoni mwa jezi yake kulikuwa na jina la mchezaji huyo. "Uliza ule mwenye aliikula. Huyu anatoka jasho, dunia yote inamuangalia. Wewe nani anakuangalia?"

Walicheka. Akilimali, jirani yangu, alicheka mpaka akamwaga pombe yake ya ndizi.

Mimi niliacha shule nikiwa mdogo, na tangu hapo bega langu ndilo limenilisha. Katika milima hii gari halifiki, hivyo mgonjwa tunambeba kwa kipoyi, kitanda cha mianzi kilichofungwa kwenye miti miwili. Anayeitwa husimama kwanza, maswali baadaye. Anayekutana na kipoyi njiani hutua mzigo wake na kutoa bega. Na hatulipwi, maana kumlipa mbebaji ni kumfanya mgonjwa gunia. Hilo nililisema kwa majivuno miaka yote. Jioni ile kicheko cha banda kililifanya lionekane upumbavu.

Ndipo Mama Mukankusi, mkunga wetu, akasimama mlangoni, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Estelle anatuponyoka. Mutoto amelala vibaya, mukono ndiyo inatangulia kutoka. Kipoyi!"

Estelle ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilisimama. Nilipogeuka, nilikuwa nimesimama peke yangu.

"Dakika kidogo, Mama," mmoja akasema. "Iko penalti."

Mama Mukankusi hakupiga kelele. Alitutazama kama mtu anayetazama maharage yaliyooza ghalani.

Niling'oa waya wa betri. Kioo kikawa cheusi. Damien akanikaba kola.

"Uko muzima, Papa? Batu walilipa kuangalia!"

"Ule mwenye hana kidonda, wanne walimukimbilia," nilisema. "Nipe wanne."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Akilimali akaweka kikombe chini, akasimama. Kisha wengine. Damien alikuja mwisho, akinuna, labda kwa sababu hakubaki mtu wa kuangalia mpira bandani kwake.

Tulimlaza Estelle kwenye kipoyi, tukamfunika turubai. Élie, mumewe, alitembea kando akimshika mkono. Udongo ulikuwa utelezi mtupu. Damien alishika mti mbele yangu, na njia nzima nililisoma lile jina mgongoni mwake, nikilichukia herufi kwa herufi.

Kwenye mteremko wa kijito aliteleza. Goti lake liligonga jiwe, nikasikia mlio. Mti haukutoka begani. Juu yetu Estelle aliguna tu.

"Badilisha!" Akilimali akapiga kelele.

"Hapana hapa. Tukisimama, tutamuangusha," Damien akajibu.

Tulipopanda upande wa pili, wachuuzi wa makaa walitua magunia yao matopeni na kutoa mabega bila kuuliza jina la mgonjwa. Damien alikataa kupokewa. Alichechemea, lakini mti ulibaki sawa. Na hasira yangu ilikuwa bado inataka kula mtu.

"Sasa, Damien," nilisema nikisaga meno, "nani anakuangalia?"

Aliinua mti juu zaidi begani.

"Wewe."

Nilisogeza bega mbele, tukabeba mpaka hospitalini.

Wauguzi walimpokea mbio, mlango ukafungwa. Élie alichomoa noti zilizolowa, akamnyooshea Akilimali. Akilimali alimrudishia mkono kifuani.

"Estelle haiko mufuko ya makaa, mukwe wetu."

Zamani ningetikisa kichwa kwa fahari. Sasa nilitazama goti la Damien lililovimba kama boga, nikataka kumtukana mtu, lakini sikujua ni nani wa kuanza naye: yule wa kwenye kioo, wale waliokula barabara, au sisi tuliokuwa tumekaa.

Mlinzi alikuwa na redio sikioni. Aliiona jezi, akatabasamu.

"Ule wenu alitia goli. Ya penalti."

Damien alivua jezi, akaikamua tope, akanipa. Nilipiga magoti, nikamfunga goti nayo, nikakaza. Jina likapotea ndani ya mikunjo.

Tukakaa ukutani, bega kwa bega, tukinuka jasho na makaa. Kutoka ndani hatukusikia kilio cha mama wala cha mtoto.

Kitasa kikageuka. Kabla mtu hajaitwa, wote tulikuwa tumesimama, Damien akiwa ameegemea bega langu.